Genge Lisilokata Mtaji: Namna ya Kulianza na Kulikuza

Genge langu la kwanza, meza ya kuuzia nyanya na mboga mtaani, lilikufa ndani ya miezi minne, na wateja lilikuwa nao. Lilikuwa Tabata, Dar es Salaam, kwenye uchochoro unaotoka kituo cha daladala kuingia kwenye nyumba za watu, na jioni nilikuwa nasimama tangu saa kumi mpaka saa mbili usiku bila kukaa. Hela zote ziliingia kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Kwenye kopo hilohilo nilitoa ya unga wa ugali, ya nauli ya watoto, ya rambirambi, ya vocha. Siku moja nikafika sokoni alfajiri, nikamwaga kopo kwenye khanga, nikahesabu mara mbili. Hazikutosha hata nusu tenga la nyanya. Mtaji ulikuwa umekata, na sikujua ulikata siku gani.

Genge la pili linaingia mwaka wa sita. Mtaji wake wa kuanzia haukuwa mkubwa kuliko wa lile la kwanza, na mahali palikuwa pabaya zaidi. Kilichobadilika ni namna ninavyoilinda hela ya mzigo, tangu kuinunulia mali mpaka kuihesabu usiku. Ninaandika juu ya genge kwa sababu ndilo ninalolijua, lakini anayeuza chapati, mkaa au dagaa atakuta mengi yanamhusu. Bei nitakazotaja ni za mfano wa hesabu tu. Za kwako zichukue sokoni kwako.

Hatua ya 1: Kabla hujatafuta hela, tafuta kigoda

Kaa siku tatu pale unapopafikiria: siku moja ya katikati ya wiki, Jumamosi moja, na siku moja ya mwisho wa mwezi ukiweza. Kaa asubuhi tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, kisha jioni tangu saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Shika karatasi, piga mstari kwa kila anayepita. Asubuhi utapata mistari mingi, usishangilie: anayewahi kazini hanunui mchicha. Mistari ya jioni ndiyo wateja wako. Kwa sababu hiyo upande wa barabara una uzito. Aliyeko upande wanaoshukia watu wakitoka mjini atauza kuliko aliye ng'ambo, hata kama nyanya za ng'ambo ni nzuri zaidi. Mtu aliyechoka havuki barabara kwa ajili ya fungu la bamia.

Tazama pia wamebeba nini. Wakipita na mifuko imejaa mboga, maana yake wananunua huko walikotoka, na utalazimika kuwapa sababu ya kungoja mpaka wafike kwako. Wakipita mikono mitupu halafu dakika kumi baadaye unawaona watoto wanatumwa huku na huku wakitafuta vitunguu, umepata mahali.

Genge la jirani lisikutishe. Nenda ukanunue kwake, ukiwa mteja kweli, mara mbili tatu. Angalia kinachoisha mapema na kinachokosekana. Nilipoanza tena, mama wa jirani yangu alikuwa na nyanya, vitunguu na hoho kila siku, ila nazi, ndimu na tangawizi hakuwa navyo. Nikaanza na hivyo vitatu na mboga za majani, nyanya nikaweka chache. Hatukugombana, na mpaka leo mmoja akiishiwa humwelekeza mteja kwa mwenzake.

Ukishapapata, usiweke meza kimyakimya. Nenda kwa mwenye eneo mkubaliane, hata kama ni kwa maneno basi pawepo shahidi. Pita ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Na uliza waziwazi kama hapo ni hifadhi ya barabara. Mwaka 2021 wamachinga wengi Dar es Salaam waliondolewa pembezoni mwa barabara na kuelekezwa kwenye maeneo mengine. Aliyekuwa ametia hela yake yote kwenye kibanda cha mbao na bati aliumia kuliko aliyekuwa na meza ya kubeba. Mpaka leo mimi nashauri meza ya kubeba.

Hatua ya 2: Gawa hela kabla hujaitumia

Tuseme umekusanya 150,000. Kosa la kawaida ni kuimaliza yote siku ya kwanza ili meza ionekane imejaa. Mimi niliigawa hivi: meza ya mbao kwa fundi wa mtaani pamoja na turubai la kivuli, 45,000; sado mbili za kupimia, masinia, ndoo, kisu na daftari, 15,000; mzigo wa kwanza, 60,000. Iliyobaki, 30,000, haikuguswa. Hiyo ni hela ya kuanguka nayo. Wiki ya kwanza lazima utanunua kitu kisichouzika, au utanunua kilichooza chini, na bila hiyo 30,000 safari yako inaishia hapo.

Hela itoke wapi? Kibubu chako mwenyewe ndicho kizuri kuliko vyote, hata kikichukua miezi sita kujaa. Mchezo wa kupeana na wenzako unafaa, ukijipangia kupokea mwanzoni na ukiwa na uhakika wa kulipa zamu zilizobaki kwa hela isiyotoka gengeni. Kikoba nacho kinafaa, ila ukiwa umeshakuwa mwanachama kwa muda, umezoeana na watu na masharti yao. Mkopo wa kulipa kila siku, huu mtaani tunaouita kausha damu, usianzie nao. Nitaufanyia hesabu mbele.

Hatua ya 3: Sokoni, fungua tenga mpaka chini

Fika alfajiri. Mabibo au Ilala, ukifika saa kumi na moja utachagua. Ukifika saa mbili utachaguliwa. Wiki ya kwanza nenda na mtu anayeuza genge tayari, umlipie nauli, umfuate tu na kutazama anavyofanya. Hiyo nauli itakurudia.

Tenga la nyanya hupangwa na mtu anayejua kwamba utatazama juu. Juu utakuta zinang'aa, zote saizi moja. Ingiza mkono ubavuni, toa ya katikati, toa ya chini. Nyanya nzuri ni ngumu kidogo ukiibonyeza karibu na kikonyo. Ikibonyea hapo, kesho ni maji. Na usichukue zilizoiva zote. Chagua theluthi zilizoiva za kuuza leo, theluthi zinazoelekea, na theluthi zenye ukijani bado, hizo ni za keshokutwa. Kitunguu kitazame shingo: ikiwa kavu na nyembamba kitakaa wiki kadhaa, ikiwa nene na mbichi kitachipua au kuoza kabla hujamaliza gunia. Nazi itikise sikioni usikie maji.

Kama tenga zima ni kubwa kwako, tafuta mwenzako mgawane. Sokoni watu hugawana kila siku, na mgawane kwa kuhesabu, msikadirie kwa macho. Usafiri nao ugawane: wanne wenye mizigo kwenye bajaji moja au guta moja wanabeba nusu ya gharama ambayo kila mmoja angelipa peke yake.

Ujue mali inatoka wapi, kwa sababu mvua ya huko ndiyo bei ya hapa. Nyanya nyingi za Dar zinatoka Iringa, Ilula na maeneo ya Kilolo. Vitunguu vinatoka Singida, Mang'ola kule Karatu, na Ruaha Mbuyuni. Karoti na kabichi zinashuka kutoka Lushoto, viazi kutoka Njombe, machungwa kutoka Muheza. Mvua ikizidi, nyanya shambani hupata magonjwa na barabara za shambani huharibika, na bei hupanda ghafla. Wakati huo usilazimishe kuwa na nyanya nyingi. Weka chache, ongeza bamia, bilinganya na nyanya chungu, waambie wateja ukweli. Wao wenyewe wanaona bei.

Na gunia lililofungwa lumbesa, lenye kilemba juu, usidhani ni bahati. Vipimo vya namna hiyo vimekatazwa, vinamwibia mkulima, na wewe mnunuzi huwezi kujua kwa uhakika umenunua kilo ngapi. Nunua kwa mizani penye mizani.

Hatua ya 4: Nyanya moja ndani ya fungu

Hapa ndipo magenge mengi hufa bila mwenyewe kujua, kwa hiyo twende taratibu.

Umenunua ndoo ya nyanya kwa 15,000. Sehemu yake ya usafiri ni 2,000. Mifuko ya kufungia, 500. Jumla imekusimamia 17,500. Fika nyumbani, zimwage kwenye turubai, zihesabu zote. Ndiyo, moja moja. Tuseme ziko 140. Ishirini zitoe: kumi zimeoza au zimepasuka, kumi zimebonyea lakini zinapikika. Zimebaki 120 za kupanga mezani.

Ukipanga fungu la nyanya tatu kwa 500, unapata mafungu 40, yaani 20,000. Zile kumi zilizobonyea ziuze tano tano kwa 500, unapata 1,000. Jumla 21,000. Umepata faida ya 3,500.

Sasa mteja anasema, "Dada, mwenzako kule anaweka nne." Unaona aibu, unaweka nne. Mafungu yanakuwa 30, yaani 15,000. Ongeza ile 1,000, jumla 16,000. Umepata hasara ya 1,500, na meza yako imeisha mapema kuliko za wote, na umerudi nyumbani ukifurahi kwamba leo biashara ilichangamka.

Mimi nilikuwa huyo mtu kwa miezi minne. Kila jioni naisha mapema, kila asubuhi kopo jepesi.

Kwa hiyo kabla ya kupanga fungu lolote fanya hesabu hii, ukiandika: ilivyokusimamia, idadi baada ya kutoa mbovu, kisha idadi ya kila fungu itakayokurudishia hela yako na faida juu yake. Iandike kwenye daftari kwa kila aina ya mali. Mzigo mpya ukija na bei mpya, hesabu upya. Kuna siku fungu la tatu linakuwa la nne, na kuna siku linakuwa la mbili.

Na yule anayedai kwamba kwa mwenzako ni nne? Weka pembeni bakuli la nyanya ndogondogo ulizozitenga wakati wa kuhesabu. Panga fungu la tatu nzuri, akinunua mafungu mawili mwongeze ndogo moja mkononi mwake akiona. Mteja anapenda nyongeza. Ukiiweka nyongeza ndani ya fungu tangu asubuhi, haionekani tena kuwa nyongeza, ni fungu tu, na kesho atadai nyingine juu yake.

Jambo jingine: mali zako hazifanyi kazi moja. Nyanya na vitunguu ndivyo vinavyomsimamisha mtu, faida yake ni nyembamba kwa sababu kila mtu anajua bei. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili, nazi na viungo ndivyo vinavyoleta faida, na vingi havina haraka ya kuoza. Aliyekuja kwa nyanya ukimkumbusha, "Mama, ndimu unayo nyumbani?" ameongeza 200 au 500 ambayo ndani yake faida ni kubwa kuliko ya nyanya zote alizobeba.

Hatua ya 5: Jioni, kabla ya kula

Nikipewa nafasi ya kumwambia mtu jambo moja tu, ni hili. Hesabu hela ya genge kila usiku kabla hujala na kabla hujampa mtu yeyote hata shilingi mia. Nikishakula nasinzia, nikisinzia nasema kesho, na kesho ndiyo iliyoua genge la kwanza.

Mimi nina makopo matatu yenye vifuniko. La kwanza ni la mzigo. La pili ni la mshahara wangu. La tatu ni la kukuza, hilo limefungwa kwa kufuli dogo na ufunguo anao dada yangu.

Tazama usiku mmoja wa kawaida. Asubuhi nilitoka na chenji 3,000. Jioni nimehesabu noti na sarafu pamoja na zilizoingia kwenye lipa namba, yaani za wanaonilipa kwa simu, jumla 27,500. Natoa chenji, mauzo ni 24,500. Daftari linaniambia mali iliyouzwa leo ilinisimamia 19,000. Hiyo 19,000 inarudi kopo la mzigo kwanza, kabla ya kitu chochote. Inabaki 5,500. Hapo nalipa mlinzi wa usiku 500 na taka 500. Najilipa mshahara 2,500. Iliyobaki, 2,000, inaingia kopo lenye kufuli.

Mshahara wako ni lazima ujilipe, na uwe kiasi kinachojulikana. Usipojilipa utaiba, na utaiba kutoka kopo la mzigo kwa sababu ndilo lenye hela nyingi. Unga, mafuta ya taa, vocha, michango ya harusi, vyote vitoke kwenye ile 2,500. Siku mauzo yakiwa madogo, mshahara nao unapungua. Siku mtoto akiugua na lazima ukope kopo la mzigo, kopa, mtoto ni mtoto, lakini andika tarehe na kiasi kama ungemkopa jirani, na urudishe kidogo kidogo. Mboga unazopika nyumbani kutoka gengeni nazo ziandike kwa bei ya kununulia. Mimi fungu la mchicha la nyumbani nalilipia kutoka kopo la mshahara. Mume wangu mwanzoni alicheka, sasa ndiye anayenikumbusha.

Hela ya lipa namba iwe kwenye laini ya biashara peke yake. Ikichanganyika na laini yako ya kawaida utailia bila kuisikia mkononi, tena na makato ya kutoa juu yake. Mimi naitoa mara moja kwa wiki siku ya kwenda sokoni, na makato yale naandika kuwa ni gharama.

Kisha kuna hesabu ya Jumapili. Jumlisha hela ya kopo la mzigo, na ile akiba ya kuanguka nayo, na mali iliyopo mezani kwa bei uliyonunulia, na madeni ya wateja unayoamini yatalipwa. Ukianza na mzigo wa 60,000 na akiba ya 30,000, jumla hiyo isishuke chini ya 90,000. Ikishuka hadi 84,000, mtaji umeanza kukata, na unajua umekata wiki hii, si miezi minne baadaye. Fungua daftari uone: ni fungu kubwa mno, ni mali iliyooza, ni mtu anayedaiwa, au ni mkono wako mwenyewe. Kwa kawaida kimojawapo kati ya hivyo vinne ndicho chenyewe.

Hatua ya 6: Kinachooza kiuze kabla hakijaoza

Nyanya zisikae juani wala usizioshe mpaka zinapokaribia kuuzwa; unyevu unaziozesha. Usizilaze jirani na ndizi mbivu, zitaivishwa haraka. Vitunguu na viazi usivitie gunia moja. Mchicha na matembele vinyunyizie maji kidogo kidogo na uvifunike kwa gunia bichi, usivitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kila asubuhi chambua kabla ya kupanga: moja iliyooza ikibaki chini ya sinia, jioni ziko tano.

Mboga za majani zipunguze bei saa moja usiku, usingoje saa mbili wakati watu wameshapika. Fungu la 500 liende kwa 300. Ukilala nalo, kesho ni chakula cha kuku. Nyanya zilizoiva kupita kiasi wapelekee mama lishe asubuhi saa mbili, ndio wanaunga mchuzi wakati huo, na hawajali nyanya imelainika mradi haijaoza. Pilipili na ndimu zinazoelekea kuchoka zinafaa achari. Kinachotupwa nacho kiandike. Wiki tatu mfululizo daftari langu lilionyesha natupa bilinganya, nikaelewa kwamba mtaa ule hawazipendi kiasi nilichodhani, nikapunguza nusu.

Hatua ya 7: Namna ya kukopesha bila kugombana na mtaa

Huwezi kukaa mtaani ukasema hukopeshi kabisa. Kuna mwisho wa mwezi, kuna misiba, kuna wagonjwa. Lakini genge haliwezi kubeba mtaa mzima. Kanuni yangu: madeni yote kwa pamoja yasizidi faida ya siku mbili, na mtu mmoja asizidi 2,000. Alipe la zamani ndipo tuandike jipya.

Ugumu uko kwenye kusema. Mzee mmoja wa jirani alikuwa anakuja na heshima zake zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee nazi mbili na nyanya, nitapitisha kesho."

"Baba, nazi moja nakuwekea kwa moyo wote. Lile la juzi la elfu mbili bado liko kwenye daftari, na hii hela si yangu peke yangu, kesho alfajiri ndiyo naendea sokoni nayo. Ukipitisha lile, la leo naliandika palepale."

Hakukasirika. Alilipa kesho yake jioni na amekuwa mteja mwema tangu hapo. Usimseme mtu deni lake mbele ya wateja wengine, hata kama limekaa mwezi. Mfuate nyumbani asubuhi, umsalimie, umuulize hali, halafu umwambie ukiwa naye peke yake.

Hatua ya 8: Karatasi

Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, bure. Asikudanganye mtu umlipe. Kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa 20,000, ulizia utaratibu wake wa sasa ofisi ya kata, kwa afisa maendeleo ya jamii.

Kwenye kodi, daftari lako linakulipa. Katika utaratibu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayana kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hutozwa 100,000, mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 6 aliyeandika kila siku analipa 60,000. Jirani yake asiyeandika, kwa mauzo yaleyale, 100,000. Viwango hivi hupitiwa kwenye bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo kila Julai uliza upya. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usiiweke mezani kwako.

Hatua ya 9: Kukua

Usikue kwa sababu jirani ameongeza meza. Ngoja hesabu za Jumapili kumi na mbili mfululizo zisishuke. Ikifika hapo, kopo lenye kufuli lina kitu, na lina jambo la kukuambia: kama kwa miezi mitatu umeweka 2,000 kwa siku sita za wiki, una 144,000. Ni karibu mtaji mzima uliouanza nao, na haudaiwi na mtu.

Kabla ya kuongeza mali, ongeza mzunguko. Hela ya mzigo inayokwenda sokoni mara tatu kwa wiki inakuzalia kuliko inayokwenda mara mbili, na mali inakuwa mbichi zaidi. Ukishazidisha mzunguko ndipo uongeze vitu visivyooza upesi: mchele wa kupima, maharage, unga, dagaa wakavu, mkaa. Hivyo vinakushikia hela siku ya mvua wakati mchicha hauuziki.

Mkopo nao una mahali pake, lakini ufanyie hesabu kwa faida, si kwa mauzo. Ukikopa 100,000 ya kausha damu, urudishe 130,000 kwa siku thelathini, unadaiwa kama 4,330 kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Faida yangu ya siku, kama ulivyoona juu, ni 5,500 kabla ya mlinzi, taka na mshahara wangu. Ningebaki na nini? Ningelipa kutoka kopo la mzigo, na ndani ya wiki tatu ningekuwa pale Tabata tena na khanga yangu alfajiri. Nimeona wanawake wenzangu wakinyang'anywa televisheni na magodoro kwa mikopo hii, wengine wamehama mtaa usiku. Sitaacha kulisema.

Kuna njia nyingine. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inapitia kwenye vikundi vilivyosajiliwa, ina foleni na karatasi nyingi, na kikundi kinachoshinda ni kile chenye watu wanaofahamiana na wenye daftari za kuonyesha. Nenda na hesabu zako za Jumapili.

Mimi mwenyewe nilikua kwa mama lishe. Nilianza na mmoja, karibu na gereji. Nilimpelekea saa moja asubuhi mfuko mmoja: nyanya, vitunguu, karoti, tangawizi na ndimu, vyote vimepimwa, na kikaratasi cha bei ndani. Nikamwambia atumie leo, jioni anilipe, na kama bei yangu inazidi ya sokoni ukiondoa nauli yake, aniambie. Jioni alilipa, akaniagiza wa kesho. Sasa ninapelekea watano. Wananunua kila siku, hawachagui nyanya moja moja, na mzigo wao unaondoka kabla sijafungua meza. Kwa faida niliyoipata kwao nilinunua mizani ndogo yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, nikamwajiri kijana wa kupeleka mifuko kwa baiskeli, naye nikamfungulia daftari lake siku hiyohiyo aliyoanza.